Somo Lililotafuta Kitivo: Historia ya Kufundisha Matangazo na Mkakati wa Mawasiliano Chuoni

Matangazo ya biashara yaliingia chuoni kwa mlango wa maabara ya saikolojia, kabla shule za biashara hazijawa na nafasi ya kuyapokea. Mwaka 1895 Harlow Gale, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, aliwaandikia wafanyabiashara wapatao 200 wa Minneapolis na St. Paul. Alitaka kujua wanatangazaje bidhaa zao, kwa nini wanachagua picha hii na si ile, na wanajuaje kama fedha waliyotumia imeleta kitu. Waliomjibu walikuwa kama 20. Gale hakuiacha kazi. Alichukua kurasa za matangazo kutoka magazetini, akawaonyesha wanafunzi wake kwa muda mfupi na kuandika jicho la kila mmoja lilikamata nini kwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900 na hayakutikisa mtu. Hata hivyo njia yenyewe ilikuwa mpya: tangazo, ambalo hadi hapo lilihesabiwa kuwa kipaji cha mtu mwenye ulimi mtamu, liliwekwa mezani kama kitu cha kupimwa.

Gale alikuwa amesoma Leipzig, Ujerumani, ambako Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia mwaka 1879. Huko huko alisoma pia Walter Dill Scott, aliyerudi Marekani mwaka 1900 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago. Mwaka uliofuata alitembelewa na Thomas Balmer, meneja wa matangazo wa magazeti ya akina mama, aliyekuwa akitafuta msomi wa kuwaeleza watangazaji jinsi akili ya mnunuzi inavyofanya kazi. Balmer alikuwa amekwisha kuwafuata wanasaikolojia wengine, akiwemo Hugo Münsterberg wa Harvard, wakamkatalia. Sayansi yao ilikuwa bado changa, na kuipeleka sokoni mapema hivyo kungeweza kuwachafulia jina mbele ya wenzao. Scott naye alisita, kisha akakubali. Desemba 1901 alizungumza mbele ya watangazaji wa Chicago katika chama chao kilichoitwa Agate Club, na John Lee Mahin, mwenye wakala wa matangazo mjini humo, akampa nafasi ya kuandika makala mfululizo katika jarida lake. Makala hizo ndizo zilizozaa kitabu cha *The Theory of Advertising* mwaka 1903. Kitabu chake cha pili, *The Psychology of Advertising*, kilitoka mwaka 1908.

Fundisho la Scott lilikuwa moja na lilieleweka upesi. Mnunuzi hakai chini kupima hoja kama hakimu, alisema. Mara nyingi hufuata wazo alilopandikiziwa, ilimradi hakuna wazo jingine la kulipinga. Kutokana na hapo alipendekeza mambo mawili. La kwanza ni kumwambia msomaji moja kwa moja afanye nini. La pili ni kumwekea kikuponi cha kukata, kujaza jina na kurudisha kwa posta. Kikuponi hakikubuniwa na Scott, lakini yeye alikipa sababu ya kisayansi: mkono ukishaanza kushika mkasi na kalamu, akili imekwisha kukubali nusu ya jambo. Kwa mtangazaji kulikuwa na faida nyingine ambayo pengine ilikuwa kubwa zaidi. Vikuponi vilihesabika. Gazeti lililoleta bahasha nyingi lilijulikana, na lile lililokula fedha bure nalo likajulikana. Vipimo vingi vya matokeo ambavyo mwanafunzi wa leo hujifunza katika mwaka wake wa pili vina asili katika kuhesabu bahasha hizo. Scott mwenyewe hakupoteza heshima kama wenzake walivyohofia. Alikuwa rais wa Northwestern kuanzia 1920 hadi 1939.

Wakati wanasaikolojia wakishughulika na jicho na kumbukumbu, wachumi walikuwa na swali lao. Mkulima wa Marekani aliuza mazao kwa bei ndogo, mtu wa mjini akayanunua kwa bei kubwa, na katikati palikuwa na watu wengi ambao kazi yao haikueleweka vizuri. Mwaka 1902 vyuo vitatu, Michigan, California na Illinois, vilianza kufundisha jinsi bidhaa inavyosafiri kutoka kwa mzalishaji hadi kwa mlaji. Kozi ya Michigan, iliyofundishwa na E. D. Jones, ilikuwa na jina refu kuhusu viwanda vya usambazaji na usimamizi vya Marekani, na katika jina hilo hapakuwa na neno hata moja linalohusu masoko. Jina fupi lilipata nguvu baada ya Ralph Starr Butler kutayarisha masomo ya njia ya posta kwa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1910. Butler alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble na aliona kwamba kabla muuzaji hajatumwa mtaani na kabla tangazo halijapelekwa gazetini kuna maamuzi mengi ambayo hayakuandikwa katika kitabu chochote: nani atauziwa, kupitia duka gani, kwa bei ipi. Kwa Butler na wenzake, tangazo lilikuwa tawi tu la mti mkubwa zaidi.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na waandishi wa habari. Chuo Kikuu cha Missouri kilianzisha shule ya uandishi wa habari mwaka 1908 chini ya Walter Williams, na matangazo yalifundishwa humo tangu mwanzo. Hilo halishangazi, maana gazeti la Marekani liliishi zaidi kwa kuuza nafasi za matangazo kuliko kwa senti za wasomaji, na mhariri wa mji mdogo ndiye pia aliyekuwa mtunzi wa tangazo la duka la jirani. Kulikuwa na sababu nyingine iliyosemwa kwa sauti ya chini. Biashara ya matangazo ilikuwa na jina baya. Kwa miaka mingi mteja wake mkubwa alikuwa mwuza dawa za chupa zilizodaiwa kuponya kila maradhi, nyingi zikiwa pombe na kasumba zilizotiwa ladha. Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alizifichua katika jarida la *Collier's*, na mwaka 1906 bunge likapitisha sheria ya vyakula na dawa. Mwaka 1911 jarida la watangazaji wenyewe, *Printers' Ink*, lilitoa rasimu ya sheria ya kuadhibu matangazo ya uongo ambayo majimbo yangeweza kuiga. Watu wa fani hii walihitaji heshima kama ya mwanasheria au daktari, na heshima ya namna hiyo hupatikana kwa cheti cha chuo. Ni vigumu kueleza kasi ya kozi hizo kuenea bila kuitaja haja hiyo ya kusafisha jina.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia njia kati ya chuo na wakala wa matangazo ikawa fupi. John B. Watson, mwanasaikolojia maarufu wa Johns Hopkins, alilazimika kuacha kiti chake mwaka 1920 na akaajiriwa na wakala wa J. Walter Thompson wa New York. Alianzia chini kabisa: alipelekwa mikoani kuulizia viatu vya mpira, akasimama nyuma ya kaunta ya duka la Macy's akiuza kama karani yeyote. Miaka michache baadaye alikuwa makamu wa rais wa kampuni. Katika mojawapo ya majaribio yake wavutaji walifungwa macho wakapewa sigara za aina mbalimbali, na wale walioapa kwamba hawavuti ila aina moja hawakuweza kuitambua. Somo lililotokana na hapo lilibaki darasani kwa karne nzima, na lina uchungu ndani yake: pale ambapo bidhaa hazitofautiani, tofauti hutengenezwa na jina na picha. Mwaka 1923 Daniel Starch alichapisha kitabu kikubwa cha kanuni za matangazo, na mwaka huo huo Edward Bernays alifundisha uhusiano wa umma katika Chuo Kikuu cha New York, kozi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Bernays alikuwa mpwa wa Sigmund Freud, na hakuchoka kuwakumbusha watu undugu huo.

Hapo tayari kulikuwa na vitivo vitatu vilivyodai somo moja, na kila kimoja kilitoa mhitimu wa aina yake. Aliyetoka saikolojia alijua kupima na aliyetoka uandishi wa habari alijua kuandika. Mwenzao wa biashara alijua bei na usambazaji, lakini mara nyingi hakuweza kuandika sentensi ambayo mtu angeisoma kwa hiari.

Harvard ilijaribu kuuliza swali ambalo watangazaji hawakulipenda sana, yaani kama matangazo yana faida yoyote kwa uchumi. Jibu la Neil Borden lilitoka mwaka 1942 katika kitabu kinene kilichojaa mifano ya bidhaa moja moja, kuanzia sukari hadi sigara. Aliona kwamba matangazo huharakisha mwelekeo ambao tayari upo katika maisha ya watu. Yakienda kinyume na mwelekeo huo, fedha hupotea. Borden pia alieneza dhana ya mchanganyiko wa masoko, aliyoipata kwa mwenzake James Culliton, aliyemfananisha meneja na mpishi anayechanganya viungo kufuatana na vilivyopo jikoni. Mwaka 1960 E. Jerome McCarthy alivipunguza viungo hivyo vikawa vinne: bidhaa, bei, mahali na promosheni. Orodha hiyo ilikuwa rahisi kukariri na rahisi kutungia mtihani, na bila shaka hilo limechangia umri wake mrefu. Matangazo, uuzaji wa ana kwa ana, punguzo la bei na uhusiano wa umma vyote vilitiwa katika kiungo cha nne.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha McCarthy, fani ilikuwa imepigwa dhoruba. Ripoti mbili kuhusu elimu ya biashara Marekani zilichapishwa mwaka 1959, moja kwa ufadhili wa Ford Foundation na nyingine wa Carnegie. Zote zilisema shule za biashara zimejaa kozi za ufundi mdogo mdogo ambazo kijana angeweza kujifunza kazini kwa wiki chache, na kwamba kinachohitajika ni hisabati, uchumi na sayansi ya tabia za binadamu. Kozi za kutunga matangazo zilikuwa shabaha rahisi. Shule nyingi za biashara zilizifuta au kuzibakiza chache, na walimu wake wakahamia kwenye shule za uandishi wa habari na mawasiliano. Illinois ilikuwa imejitayarisha mapema: Charles Sandage aliijenga idara yake ya matangazo ndani ya kitivo cha mawasiliano na kusisitiza kwamba mwanafunzi ajue kwanza kwa nini jamii ina matangazo, ndipo ajifunze jinsi ya kuyatunga. Uhamisho huo wa miaka ya 1960 ndio uliochora ramani ambayo vyuo vingi duniani bado vinaifuata: masoko katika biashara, matangazo na uhusiano wa umma katika mawasiliano.

Kitabu cha Philip Kotler, *Marketing Management*, kilitoka mwaka 1967 na kikawa kiongozi wa darasa kote duniani. Mwaka 1971 Kotler na Gerald Zaltman waliandika makala wakidai kwamba mbinu zile zile zinaweza kutumika kueneza uzazi wa mpango, usalama barabarani au tabia nyingine yenye manufaa kwa jamii. Katika Afrika Mashariki dai hilo lingekuja kuwa na uzito mkubwa kuliko lilivyokuwa nao kwao. Ukuta kati ya vitivo nao ulianza kubomolewa Northwestern, ambako Don Schultz na wenzake, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, walihoji kwa nini kampuni moja iwe na idara ya matangazo inayosema hili, idara ya uhusiano inayosema lile, na ya promosheni inayogawa zawadi bila kuwauliza wenzake. Mpango wao wa mawasiliano jumuishi ya masoko ulipata shahada yake na, mwaka 1993, kitabu chake. Wakosoaji walisema hakuna jipya, muuza duka mdogo alifanya hivyo siku zote kwa sababu hakuwa na idara. Hawakukosea sana.

Afrika Mashariki ilipokea mambo haya kupitia Uingereza, na Uingereza ilichelewa. Huko fani ilijifunzwa kazini na kupimwa kwa mitihani ya vyama vya kitaaluma. Chama kikuu cha masoko kilianza mwaka 1911 kama umoja wa mameneja wa mauzo, na chuo kikuu cha kwanza kuwa na idara ya masoko, Lancaster, kilifanya hivyo katikati ya miaka ya 1960. Karani wa kampuni ya sabuni au sigara mjini Nairobi aliyetaka kupanda cheo alisomea cheti cha Uingereza baada ya saa za kazi, akijibu maswali kuhusu maduka ya London ambayo hakuwahi kuyaona. Magazeti ya Kiswahili yenye matangazo yalikuwapo, kama *Baraza* lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, lakini hapakuwa na shule ya kumfundisha mtu kuyatunga kwa ajili ya wasomaji hao.

Shule zilikuja na uhuru. Dar es Salaam ilipata Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, mwaka 1965. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1970, na mwaka 1971 kikaanzishwa Chama cha Uhusiano wa Umma cha Kenya. Tanzania ilipata Chuo cha Uandishi wa Habari mwaka 1975 na Kitivo cha Biashara na Menejimenti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979. Mgawanyo ulikuwa ule ule wa Marekani, waandishi huku na wafanyabiashara kule, ingawa sababu zilizouzaa huko hazikuwapo hapa.

Hata hivyo, mkakati mkubwa wa mawasiliano uliowahi kutoka chuoni katika Tanzania ya miaka hiyo haukutoka katika shule yoyote kati ya hizo. Ulitoka kwa watu wa elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa chini ya chuo kikuu hadi 1975, ilianza kampeni za redio mwaka 1969 kwa *Kupanga ni Kuchagua*, kuhusu mpango wa pili wa maendeleo. Mwaka 1971 ikafuata *Wakati wa Furaha*, ya miaka kumi ya uhuru, iliyowafikia watu wapatao 20,000 katika vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1973 ilikuja *Mtu ni Afya*, na hapo hesabu zikabadilika kabisa: viongozi wa vikundi 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki.

Jinsi ilivyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa karibu. Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, tarafa na kijiji, ili kiongozi wa kikundi awe mtu anayefahamika pale pale kijijini, mara nyingi mwalimu au mtumishi wa chama. Kikundi kilikutana mara kwa mara. Kilisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha kikasoma kwa sauti sura ya kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi kwa wanaotoka kisomo, kuhusu malaria, kuhara damu, kichocho, minyoo au kifua kikuu. Baada ya hapo watu walijadiliana, na mkutano haukuisha bila azimio: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo. Katika vijiji vichache watafiti wa Taasisi walikagua nyumba kabla ya kampeni na baada yake, na waliona mabadiliko kwa macho, mashimo ya vyoo yakiwa ushahidi usiobishika. Kampeni nyingi za kibiashara za wakati huo hazikuwa na kipimo kizuri kama hicho. *Chakula ni Uhai* ilifuata mwaka 1975 kwa mtindo ule ule.

Sifa hizo zina upande wa pili. Nyuma ya redio na vitabu kulikuwa na chama kimoja na serikali iliyoweza kuwaagiza watumishi wake hadi ngazi ya chini, na si rahisi kupima watu wangapi walichimba choo kwa sababu walishawishika na wangapi kwa sababu mwenyekiti angepita kukagua. Mwalimu wa mawasiliano anayetumia mfano huu darasani bila kutaja hilo anawapa wanafunzi nusu ya habari.

Kwa upande wa biashara, miaka iliyofuata haikuwa na kazi ya kumpa mtangazaji. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilishikwa na mashirika ya umma na kampuni za biashara za mikoa, na mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya Vita vya Kagera, sabuni, sukari na unga vilikuwa adimu. Bidhaa inayoisha kabla foleni haijafika nusu haihitaji tangazo. Wahitimu wa masoko waliishia katika ununuzi, ugavi na ukaguzi wa maghala. Hali iligeuka polepole tangu biashara ilipolegezwa mwaka 1984, ikaongeza kasi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 ITV na Radio One zilikuwa hewani zikitafuta wateja wa kulipia dakika zao. Hapo ndipo bia, simu na sabuni zilipoanza kugombea macho na masikio, na vyuo vikakuta mitaala yao imepitwa.

Kenya haikupitia ukame huo. Mawakala wa matangazo wa kimataifa walibaki Nairobi, na wahitimu walipata mahali pa kwenda. Chuo cha Daystar kilifuata njia yake, isiyo ya kawaida. Kilianza mwaka 1964 Bulawayo kama kikundi cha Wakristo wa mawasiliano na uchapishaji, kikahamia Nairobi katika miaka ya 1970 na kushirikiana na Wheaton College ya Illinois. Huko Wheaton wakati huo alifundisha James Engel, mmoja wa waandishi wa kitabu maarufu cha tabia za mlaji cha mwaka 1968, aliyekuwa ameamua kuyatumia maarifa hayo katika kazi ya kanisa. Daystar ilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1994, na wahitimu wake wa mawasiliano wametapakaa katika vyumba vya habari na kampuni za Nairobi.

Wazo la Kotler na Zaltman lilipata uwanja wake kamili katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa KINET, chini ya watafiti wa kituo cha afya cha Ifakara na wenzao, uliuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kama bidhaa yenye chapa, kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Kabla ya kuandika bango lolote, watafiti waliwasikiliza watu. Waligundua kwamba homa ya malaria ilihusishwa na mbu bila shida, lakini degedege, ambalo kwa daktari mara nyingi ni dalili ya malaria kali ya mtoto, wengi waliliona kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake na waganga wake. Ujumbe wa kumwambia mama kwamba chandarua kitamkinga mtoto na degedege ungegonga ukuta. Chapa ikaitwa *Zuia Mbu*, jina lisilobishaniwa na yeyote aliyewahi kulala karibu na mashamba ya mpunga. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Mwaka 2004 serikali ilianza kuwapa wajawazito Hati Punguzo ya kununulia chandarua dukani, yaani kikuponi, safari hii kikitolewa kliniki.

Mfano wa pili unaopendwa darasani ni M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyozinduliwa Kenya Machi 2007. Huduma hiyo ingeweza kutangazwa kama benki ya mkononi au teknolojia mpya. Ujumbe wa mwanzo uliachana na hayo yote ukashika tendo moja ambalo kila aliyehamia mjini analijua, kutuma pesa nyumbani. Kazi iliyobaki ilifanywa na vibanda vya mawakala vilivyopakwa rangi ya kijani hadi vijijini. Wanafunzi hupenda kuzungumzia tangazo; walimu wazuri huwarudisha kwenye wakala aliyekuwa na fedha taslimu siku ya kwanza mteja alipofika, maana bila yeye tangazo lingekuwa ahadi hewa.

Simu hiyo hiyo imewarudisha wanasaikolojia katika fani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha, kwa data za watu zaidi ya 58,000 waliojitolea, kwamba vitu ambavyo mtu amevipenda kwenye Facebook vinatosha kukisia tabia na misimamo yake. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba data za mamilioni ya watumiaji zilichukuliwa kwa njia ya programu ya msomi wa chuo hicho na kufika kwa kampuni ya Cambridge Analytica, ambayo viongozi wake walirekodiwa wakijigamba kwamba walihusika katika kampeni za urais wa Kenya za 2013 na 2017. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania ikapata yake mwaka 2022. Kwa hiyo anayepanga kampeni sasa hana budi kujua sheria ambayo walimu wake wengi hawakuisoma walipokuwa wanafunzi.

Swali la kitivo halijapata jibu moja. Chuo cha Uandishi wa Habari cha mwaka 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 na hatimaye kikawa shule kuu ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma, inayotoa shahada ya uhusiano wa umma na matangazo, wakati masoko yanafundishwa katika shule ya biashara ya chuo hicho hicho. Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichotokana na kituo cha Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, kimeviweka pamoja katika shahada ya uhusiano wa umma na masoko. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret nchini Kenya, kimeunganisha mawasiliano na uhusiano wa umma. Kote huko mihadhara na vitabu ni kwa Kiingereza, na kotekote mhitimu anayeajiriwa huombwa, mara nyingi katika wiki yake ya kwanza, aandike tangazo la redio la sekunde 30 kwa Kiswahili. Ustadi huo hajawahi kuufanyia mtihani, labda kama alisoma pia fasihi ya Kiswahili, na katika vyuo vingi fasihi hiyo iko katika kitivo cha nne.